BSA ya babu inazima ikipata joto, nataka kuitengenezea ignisheni ya transista mwenyewe

barabara_ya_12

Salaam wakuu. Nina BSA C15, ile ya silinda moja cc 247, kadi inasema 1962. Babu yangu aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge njia ya Muheza wakati anafunga mizigo kurudi kwao, na babu bado yupo anakaa barazani hapa Ngamiani, Tanga, ananiangalia nikipiga kiki.

Shida ni hii, nikitoka nyumbani mpaka Raskazone inakwenda fresh kabisa, nikigeuza tu kurudi inaanza kumisi hafu inazima kama mtu kafunga ufunguo. Nakaa pembeni kama dakika ishirini, bodaboda wananipita wanacheka, ikipoa inawaka kiki moja. Usiku nimefungua kifuniko ikiwa inaunguruma nikaona pointi (ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche) zinatoa cheche kubwa za buluu, mwezi huu pekee nimezipiga msasa mara tatu. Gepu naweka 0.38 mm kama inavyotakiwa.

Nimechoka na pointi. Fundi mmoja alinifungia koili ya bodaboda pamoja na transista ya 2N3055 aliyoing'oa kwenye amplifaya mbovu, ikakohoa sekunde tano hivi transista ikafa na koili ikawa haishikiki kwa moto. Nani amewahi kutengeneza ya kwake ikadumu?

mzee_wa_kondensa

Mwanangu, kabla hujaunguza vitu vingine badilisha kondensa, kile kikopo kidogo kinachotuliza cheche kwenye pointi. Cheche kubwa za buluu kwenye pointi ni yeye huyo, na ile ya kuzima ikiwa moto na kuwaka ikipoa pia ni yeye, japo koili mbovu nayo ina tabia hiyo hiyo. Kondensa ya gari lolote la zamani la pointi inafaa, zote ziko kwenye 0.2 mikrofaradi hivi. Usiifiche mle ndani kwenye joto, ifunge nje kwenye fremu karibu na koili, waya mmoja kwenye ule unaokwenda pointi, bodi yake kwenye chuma. Dakika kumi umemaliza.

Mi nimeendesha mashine za pointi tangu ujana na ninachojua watu wanazilaumu pointi kwa makosa ya kondensa.

lehemu_baridi

Shkamoo mzee, hapo kwenye kondensa nakuunga mkono, aanze nayo. Ila kijana kauliza transista na kajibiwa nusu.

@barabara_ya_12 yule fundi wako kakosea mara mbili kwa mpigo. Koili ya CDI (ignisheni ya kapasita) ya bodaboda pima na mita utaona upande wa msingi (wa waya za umeme unaoingia, sio wa plagi) haufiki hata ohm moja, ile imeundwa kupigwa na kapasita kwa kitambo kifupi sana, sasa we ukiipa betri moja kwa moja ampea zinazopita pale ni za kuchomelea geti. Unataka koili ya kawaida ya 12V yenye ohm 3 mpaka 4. Kosa la pili, 2N3055 inavumilia volti 60 tu, na koili ikikatwa moto upande wa msingi unarusha volti mia mbili mpaka mia nne. Lazima ife. Tafuta BU941ZP, hiyo ilitengenezwa kwa kazi hii hii ya koili za gari, ndani ina kinga yake kwenye 350V.

Pointi usizitoe, ziache zifanye kazi ya swichi tu. Sakiti niliyofunga mimi: transista ya TIP42 (miguu yake mitatu ni emita, besi na kolekta), emita yake kwenye chanya, besi yake inapita rezista ya ohm 47 wati 5 kwenda kwenye pointi, na kati ya besi na emita weka rezista ya ohm 220. Kolekta ya TIP42 inapita ohm 100 wati 5 kwenda besi ya BU941. Emita ya BU941 kwenye bodi, kolekta kwenye hasi ya koili. Kondensa ya zamani unaitoa, haina kazi tena. Pointi zilizokuwa zinabeba ampea 3 sasa zinabeba robo ampea, hazichomeki, unabaki kuzipaka grisi pale kwenye kisigino basi.

Angalizo: mgongo wa chuma wa BU941 ndio kolekta. Weka karatasi ya maika chini yake unapoifunga kwenye bati la kupozea, ukisahau koili inabaki imewashwa muda wote.

Na usijifanye mjanja ukaruka TIP42. Mi niliruka, nikapeleka pointi moja kwa moja kwenye besi ya BU941, kumbe nimegeuza kila kitu, cheche inatoka pointi zinapofunga badala ya zinapofunguka. Pikipiki haikuwaka, ilipiga baruti kwenye ekzosti mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani.

barabara_ya_12

Asante sana kaka. Nimeanza kufuata waya na nimekuta kitu cha ajabu, betri imefungwa CHANYA kwenye bodi. Ina maana yule fundi alinifungia kinyumenyume?? Na betri yenyewe ni 6V.

lehemu_baridi

Hapana, ndivyo walivyozitoa kiwandani Birmingham, BSA za miaka ile zote chanya kwenye chasisi. Hapo ndipo vifaa vingi vya elektroniki vinapofia, mtu anafunga kwa mazoea ya hasi kwenye bodi, akigusa ufunguo moshi.

Geuza tu. Bahati yako C15 ina alternata, rota ni sumaku ya kudumu na umeme unaotoka ni wa AC, kwahiyo yenyewe haijali. Unageuza betri, unageuza waya mbili za koili na za amita kama bado ipo. Ile rekitifaya (ya kugeuza AC iwe DC) ya zamani yenye visahani toa kabisa, weka rekitifaya yenye regyuleta ndani ya 12V. Stata ya Lucas (zile koili za alternata zisizozunguka) ina waya tatu, mbili unaziunga pamoja unapata nguvu yote na 12V inapatikana bila shida. Ila usichukue regyuleta ya bodaboda bila kuuliza, nyingi zinataka ncha moja ya stata iwe kwenye bodi na ya kwako haiko hivyo. Betri na balbu zote badilisha ziwe za 12V, honi pia.

pwani_ya_bagamoyo

Habari zenu majirani wa Tanga, huku Bagamoyo chumvi inakula pointi hata pikipiki ikiwa imelala ndani, kwahiyo mi nilizitoa kabisa nikaweka sensa ya sumaku, A3144. Ina miguu mitatu, chanya, hasi na ya kutolea.

Mara ya kwanza nilibandika kasumaku kadogo ka spika ya masikioni kwenye ekseli ya pointi. Sailensa vizuri, ukivuta mafuta inakata. Nilisumbuka wiki nzima. Kumbe sumaku ni nyembamba, inapita mbele ya sensa haraka mno, koili haipati muda wa kujaa. Piga hesabu, injini ikiwa kwenye 6000 ile ekseli inazunguka 3000, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na sumaku yangu ilikuwa inachukua kama asilimia nane ya duara, yaani milisekunde moja na nusu, wakati koili ya kawaida inataka nne au tano.

Dawa niliiona kwenye distribyuta za Volkswagen za miaka ya 80. Sumaku inakaa imetulia, sensa inaitazama, katikati inazunguka sahani ya chuma yenye dirisha. Kwenye sakiti yangu dirisha likipita koili inajaa, chuma kikiingia koili inakatwa na cheche inatoka. Upana wa dirisha unaukata mwenyewe, mi nimeacha kama theluthi ya duara. Sahani nilikata kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo la soda halifai, ni alumini, sumaku inapita kama hakuna kitu.

Sakiti ya lehemu_baridi inafaa vile vile, ila ile 47 badilisha iwe kilo-ohm 1, maana A3144 mwisho wake ni miliampea 25. Na sahani ifunge juu ya ile adivansi ya vijiwe na springi, inayowahisha cheche injini ikienda kasi, usiitupe, ukiitupa taimingi inabaki mahali pamoja.

lehemu_baridi

Kazi safi, nimeipenda ya kopo. Ila kwa silinda moja inayokwenda Raskazone na kurudi, sioni haja. Sensa ikifa njiani unasukuma, pointi zikizingua unazikwangua na kipande cha kiberiti unarudi nyumbani. Hafu angalia herufi baada ya namba ya sensa, yenye E mwisho wake nyuzi 85, yenye L inafika 150. Ndani ya kifuniko cha injini 85 si mbali.

@barabara_ya_12 nilisahau, swichi yako ina sehemu imeandikwa EMG, ya kuwashia betri ikiwa imekufa. Ukishafunga transista hiyo usiiguse tena, kata kabisa waya wake. Na usiache ufunguo wazi injini ikiwa imezima, kama pointi zimefunga koili inapikika kimya kimya. Kepu ya plagi weka yenye rezista ya kilo-ohm 5, NGK zipo kila duka la spea.

barabara_ya_12

Wakuu nimerudi. Kondensa nilibadilisha siku ile ile, nilitoa ya Land Rover iliyolala kwa jirani, na mzee alikuwa sahihi, kuzima kumeisha. Nimekwenda mpaka Pangani na kurudi bila kusimama. Kwahiyo ningeweza kuishia hapo.

Sikuishia. Kugeuza waya na kuhamia 12V kumenichukua jumamosi mbili, boksi lenyewe jioni moja tu, nimelifungia ndani ya kikopo cha tumbaku cha babu kwa ruhusa yake. Jaribio la kwanza kimya, hata cheche. Maika niliweka, ila skrubu ya kufungia nayo ilikuwa inagusa mgongo wa transista, nikaivalisha kipande cha mrija wa kalamu. Kiki ya pili ikawaka. Usiku nikafungua kifuniko tena, pointi hazionyeshi kitu, giza tupu.

Babu kasikiliza sailensa kwa muda akaniuliza kikopo kingine kipo wapi, maana kile kilikuwa na tumbaku. Kondensa ya Land Rover nimeiacha imefungwa kwenye fremu, waya wake nimeuning'iniza, boksi likifa nahamisha waya mbili naendelea na safari.

@pwani_ya_bagamoyo hiyo sahani ya kopo kipenyo chake ngapi? Nauliza tu.