Jamaa wa muvi kanifutia muvi yangu mbele za watu eti "kikao cha vikoba"!!!

Wadau nimefika home sasa hivi, hata mtandio sijavua, natetemeka. Yule jamaa wa kuingiza muvi pale stendi, mnamjua, yule wa spika mbili mlangoni. Nimempa flashi aongeze katuni za watoto, akasema imejaa, akafungua muvi yangu, akaipeleka mbele mara mbili, AKAFUTA, akasema kwa sauti ya mnadani: "Dada hii siyo muvi, hiki ni kikao cha vikoba." Stendi nzima ikacheka mpaka mabasi!

Kikao cha vikoba! Enough Said ya Nicole Holofcener, ya 2013, nimeishusha kwa bando la usiku siku tatu!

Eti hakuna anayekufa. Kwani lazima mtu afe? Mule kuna mama kaachika, anafanya masaji, kapata baba mnene mpole, kumbe mteja wake mpya ndio eksi wa huyo baba, na badala ya kusema ananyamaza aendelee kuvuna umbea. Kakosea na anajua kakosea na bado roho inakuuma kwa ajili yake. Baba wa watu anazungusha chipsi kwenye rojo la parachichi akwepe vitunguu, basi kitu kidogo hicho ndio anachosemwa nacho. Na aliyemuigiza ni James Gandolfini yule, alifariki Juni 2013 muvi yenyewe haijatoka. Halafu mtu anabonyeza futa. Kikao cha vikoba!!

Mchele Supa: Pole dada. Ila vikoba usivichukulie poa, chetu sanduku lina funguo tatu na mweka hazina kahama nalo zimazima.

Dereva Usiku: Mleta mada, muvi ya mtu kukwepa vitunguu kweli? Jamaa kakusaidia.

Mleta mada: WEWE NDIO YEYE???

Kitasa: Huyohuyo aliniwekea ya Kikorea, kufika episodi ya 15 nakuta harusi ya watu Mbagala.

Dereva Usiku: Harusi ya nani? Tupia tuone.

Gari Bovu: Afadhali wewe, mimi flashi ilirudi na virusi, kompyuta ya ofisi chali, nikaandikiwa barua.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye muvi yangu.

Kitasa: @Mchele Supa mweka hazina alipatikana?

Mchele Supa: Yuko Kahama, kafungua duka la mitungi ya gesi.