Kijana amefaulu Kidato cha Nne: twende na jina la shule kongwe ya wavulana au tuangalie tahasusi kwanza?

Mzazi wa Shinyanga

Salaam kwenu nyote. Kijana wangu wa pili amemaliza Kidato cha Nne na amepata daraja la kwanza la pointi 10: A za Baiolojia, Jiografia, Kiswahili na Uraia, B za Kemia, Historia na Kiingereza, C za Fizikia na Hisabati. Alipojaza Selform (fomu ya kuchagua masomo na shule za Kidato cha Tano) shuleni, kwenye tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo makuu matatu, aliweka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) mbele, na shule aliyoitaja ya kwanza ni Tabora Boys, kwa sababu marehemu babu yake alisoma pale na picha yake ya ujana, akiwa amevaa kaptula nyeupe, ingali ukutani sebuleni kwetu. Dirisha la kubadili machaguo lilipofunguliwa, kijana alisubiri mama yake aingie jikoni ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wake uko kwenye CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), na kwamba PCB aliijaza kwa ajili yetu.

Naomba kuelimishwa mambo mawili. La kwanza, je, kwa matokeo haya ni busara kumwachia aende CBG? La pili, tukizungumzia shule za bweni za wavulana peke yao, yaani Tabora Boys, Ilboru, Kibaha, Mzumbe na nyinginezo, mzazi apime kwa kitu gani? Mimi nilisoma shule ya kutwa, kwa hiyo sifa za shule hizi nazijua kwa kusikia tu. Nasikia hata Mwalimu Nyerere alifundisha pale Tabora Boys.

Mwalimu Mstaafu (Kemia)

Ndugu mzazi, hongera kwa kijana. Nimefundisha Kemia ya Kidato cha Tano na cha Sita kwa zaidi ya miaka 20 katika shule tatu za bweni, na neno ambalo ningependa ulibebe ni hili: shule ichaguliwe kwa tahasusi ambayo mtoto ataisoma kweli, tena iliyo na walimu na vifaa vyake, na jina la shule lije baadaye.

Nianze na swali lako la kwanza. Tofauti ya PCB na CBG ni Fizikia dhidi ya Jiografia, lakini tofauti hiyo inafungua na kufunga milango. Anayetaka shahada ya udaktari wa binadamu anadaiwa ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, kwa hiyo akienda CBG mlango huo ameufunga mwenyewe akiwa na miaka 17, na ni lazima aambiwe hivyo waziwazi kabla dirisha halijafungwa. Kwa upande mwingine, kilimo, sayansi ya udongo, misitu, mazingira na ualimu wa sayansi vyote vinabaki wazi, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mhitimu wa CBG si mgeni. Hisabati hataikwepa kwa njia yoyote, maana wa PCB na wa CBG wote husoma BAM, yaani somo la ziada la Hisabati (Basic Applied Mathematics). C yake ya Fizikia si mbaya, ila Fizikia ya Kidato cha Tano haimsamehe mwanafunzi aliyeingia bila mapenzi. Nimewaona vijana wa A wakilia nayo, sembuse wa C anayeisoma ili kumfurahisha baba.

Sasa kuhusu shule. Orodha ndefu ya tahasusi isikutishe wala isikulevye. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi 49 juu ya 16 zilizokuwepo, zikawa 65, na hakuna shule moja inayozifundisha zote. Katika shule mojawapo niliyofundisha, ambayo jina lake nalihifadhi, tahasusi za sayansi zilikuwa nne kwenye karatasi, lakini mwalimu wa Fizikia alikuwa mmoja na bureti (mirija ya kupimia kimiminika maabara) ambazo hazijavunjika zilikuwa 12 kwa vijana 70. Siku ya kupima asidi kwa besi, kijana mmoja alishika bomba, wa pili alitikisa chupa, wa tatu aliandika namba, na watatu waliobaki walinyoosha shingo kuangalia kama rangi imegeuka. Wale watatu walifika kwenye mtihani wa vitendo wa taifa wakiwa hawajawahi kufungua bomba la bureti kwa mkono wao. Kwa hiyo piga simu, au bora zaidi nenda mwenyewe, uulize walimu wangapi wapo kwa kila somo la tahasusi ya kijana. Kisha watafute vijana wa Kidato cha Sita nje ya ofisi na uwaulize hivyo hivyo, maana wao hawana sababu ya kuipamba shule.

Faida ya kweli ya shule kongwe yenye sayansi na sanaa chini ya paa moja ni kwamba kijana akigundua wiki ya tatu kuwa amekosea njia, mwalimu wa Jiografia yupo jengo la pili, na mkuu wa shule akiridhia na nafasi ikiwepo, anahama darasa bila kuhama shule. Kwenye shule yenye tahasusi mbili tu, kukosea kwake ni safari ya mkoa mwingine.

Mama wa Wavulana Watatu

Shikamoo Mwalimu. Mimi naongeza ya nyumbani, kwa sababu akina baba huwa hawayaulizi.

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali, iliyokuwa 70,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa bweni, ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini fomu ya maelekezo ya kujiunga bado ni ndefu: godoro, shuka, ndoo, fagio, jembe au kwanja, karatasi, na michango ambayo kila shule ina yake. Ongeza nauli mara nne kwa mwaka. Ukiwa Shinyanga, Tabora ni jirani. Kibaha au Mzumbe utasafiri siku nzima kila mtoto anapougua. Uliza pia habari za maji. Mwanangu wa kwanza alisoma mahali ambapo bweni zima liliamka saa 10 usiku kupanga foleni kwenye bomba moja, naye akawa anasinzia kipindi cha kwanza muhula mzima.

Msomaji wa Historia

Ndugu mzazi, nirekebishe jambo moja dogo. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys kuanzia 1937, wakati huo ikiwa shule ya Serikali ya kikoloni iliyoandaa watoto wa machifu na wateule wachache, lakini kufundisha alifundisha St. Mary's, hapo hapo Tabora, baada ya kutoka Makerere, na baadaye Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Kibaha nayo ina historia ya aina nyingine kabisa, kwani ni tunda la mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, ndiyo maana shule, hospitali ya Tumbi na shughuli za kilimo zilipangwa pamoja.

Pia kumbukeni kwamba machaguo ni maombi. Anayepanga ni Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa ushindani wa ufaulu na nafasi zilizopo, na hizo shule nne alizozitaja mzazi ni za vipaji maalumu, zinazogombewa na vijana wa pointi 7 nchi nzima, na kwenye pointi, chache ndizo bora. Chaguo la pili na la tatu lisijazwe kwa kubahatisha.

Mzazi wa Shinyanga

Nashukuru sana, na masahihisho ya historia nimeyapokea. Jana usiku nilimuuliza kijana kwa nini CBG, nikitegemea jibu la mkato. Akasema anataka kujua kwa nini majaruba ya mjomba wake yanaota chumvi nyeupe kwenye kingo na mpunga unakauka upande huo tu. Swali hilo sijawahi kujiuliza, na mimi nimelima hapo miaka yote. Tumekubaliana CBG iwe ya kwanza, na Jumatatu nakwenda Tabora kuuliza habari za walimu kabla hatujathibitisha shule. Mama yake bado hajafurahi.

Mwalimu Mstaafu (Kemia)

Ukifika, omba kuonyeshwa maabara ya Kemia na uangalie masinki. Yakiwa makavu na yana vumbi, hapafanyiki kitu.

Mama wa Wavulana Watatu

Na tranka la bati usisahau, kufuli nunua mbili. Moja itapotea wiki ya kwanza.