Tupeane uzoefu: harufu iliyogoma kutoka ndani ya gari (watu wa Tanga njooni hapa)

Mama Zu wa Sahare
Wadau, habari za jioni. Leo nimepanda teksi kutoka Deep Sea kwenda Ngamiani, kufungua mlango tu ile shombo ikanipiga, nikakumbuka mateso yanayoendelea nyumbani kwetu. Sisi yetu ni maziwa. Baba Zu alikuwa anatoka Muheza na dumu la maziwa mabichi, kufika kwenye matuta ya Pongwe dumu likalala, kifuniko kikaachia, yakamwagikia chini ya siti ya nyuma. Siku ya kwanza huoni kitu. Subiri gari likae juani mchana mmoja. Sasa hivi mtoto akirudi shule, sare inanuka maziwa yaliyovunda, na wenzake wameshaanza kumkimbia. Kapeti tumeosha, inakauka, jua likiwaka harufu ileile. Nani yamemkuta? Mlifanyaje?

Chande Makorora
Maziwa dada usiyachezee. Pole sana.

Msambaa wa Mlalo
Kahawa. Unga wa buni mkavu kwenye kibakuli, weka chini ya siti, funga vioo usiku kucha. Kwetu tunafanya hivyo.

Bi Mkubwa Chumbageni
Wanangu, gari ni kama chumba. Chumba kikinuka unafungua madirisha, unapiga deki, halafu ndiyo unafukiza. Chukua udi wako mzuri, fukiza jioni milango ikiwa wazi, asubuhi weka asumini kwenye dashibodi.

Ally Kwaminchi
Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima zote, udi juu ya maziwa yaliyooza mimi nimeshaunusa kwenye gari la shemeji. Ni heri maziwa peke yake.

Bi Mkubwa Chumbageni
Marahaba. Nimesema kwanza deki. Soma vizuri mwanangu.

Fundi Viti Mabawa
Kazi yangu ndiyo hii, kushona na kuosha viti, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Mama Zu, mmeosha kapeti, lakini maziwa hayapo kwenye kapeti. Yapo chini yake. Chini ya kapeti la gari kuna sponji nene au lile blanketi zito la kuzuia kelele, linanyonya na halikauki kwa hewa yetu hii ya pwani. Juu unapapasa pamekauka, chini panachuruzika. Siti zitoke. Toyota nyingi unafungua kwa spana namba 14. Kabla ya kugusa siti za mbele zima gari, toa waya wa hasi wa betri, subiri kidogo, kwa sababu soketi za njano chini ya siti ni za mifuko ya hewa, hazichezewi umeme ukiwepo. Kapeti linyanyuliwe, sponji itoke iloweshwe kwenye beseni. Na maji yawe ya baridi. Maji ya moto yanaigandisha protini ya maziwa ndani ya nyuzi, hutaitoa tena. Ikauke kabisa, hata ikichukua siku kadhaa, ndipo urudishe. Ukirudisha mbichi umejitengenezea koga juu ya maziwa.

Mama Zu wa Sahare
Fundi Mungu akubariki. Hilo la maji ya moto hakuna aliyetuambia.

Kijana wa Duga
Mnazunguka sana. Siki chupa moja, bekingi soda pakiti moja, changanya kwenye ndoo, povu likipanda mwaga kwenye kapeti. Kwisha habari.

Mwalimu Korogwe
Hapana. Hapo umepoteza siki na soda kwa wakati mmoja. Siki ni asidi, bekingi soda ni besi, zikikutana zinamalizana. Lile povu ni kabonidayoksaidi inaondoka zake, ndoo inabaki na maji yenye chumvi.

Kijana wa Duga
Mwalimu, mimi nimefanya na harufu ilitoka. Wewe una gari?

Mwalimu Korogwe
Ilitoka kwa sababu ulisugua na kusuuza, ndugu yangu. Na gari ninalo. Nifafanue maana jambo hili lina faida. Shombo ya samaki inatokana na kitu kinaitwa trimethilamini, nacho ni besi. Ndiyo maana mama zetu wanakamulia samaki ndimu tangu enzi: asidi inaikamata hairuki tena hewani kuja puani. Kwa hiyo gari lenye shombo, tumia ndimu au siki iliyozimuliwa na maji. Maziwa yaliyovunda ni kinyume chake, yanatoa asidi, mojawapo ya butiriki, ile yenye harufu ya matapishi. Hapo bekingi soda ndiyo kazi yake: nyunyiza kavu, lala nayo, asubuhi inyonye kwa mashine. Jua kwanza kinachonuka, ndipo uchague dawa.

Chande Makorora
Mwalimu umenifungua macho. Nimekuwa naweka soda kwenye gari la samaki muda wote.

Dereva wa Pangani
Naomba niseme langu. Nimelibeba muda mrefu.

Mimi gari ndiyo ajira yangu. Premio, nafanya mchomoko, yaani teksi ya abiria wa kuchangia, Tanga na Pangani. Kuna mteja mmoja tulizoeana, alikuwa anachukua pweza Kigombe anawaleta mjini. Siku hiyo kapakia kwenye buti, nikamuuliza mfuko uko imara? Akaapa. Tulipofika nikaona majimaji kidogo, nikafuta, nikamwaga sabuni, nikaendelea na kazi. Baada ya siku chache ikaanza. Mwanzoni ni nyuma tu. Halafu ikaingia hadi mbele, inapenya kwenye siti ya nyuma na pale juu kwenye spika. Nikapeleka kuosha. Nikarudisha kuosha. Nikanunua ile pafyumu ya kuning'iniza yenye harufu ya matunda, jamani, pweza aliyeoza pamoja na matunda msiombe.

Kilichoniumiza si harufu, ni maneno. Stendi wakaanza kunong'ona kwamba gari langu limebeba maiti usiku. Abiria anaingia, anakaa, anashuka. Mama mmoja mtu mzima aliziba pua kwa ncha ya kanga, akanishika bega kwa huruma kabisa, akaniuliza: "Mwanangu, nani amefariki?" Nilikosa jibu. Nyumbani ukoo wa mke ukasema gari lina mambo, wakaleta mtu akasoma dua. Dua nimeipokea, harufu ikabaki. Nikafika mahali nasafiri na siti tupu wakati wenzangu wanajaza.

Siku moja usiku natoka Pangani nimepata abiria, watu wa harusi, wamekuja na mabeseni yao na wamevumilia kwa kuwa hakukuwa na usafiri mwingine. Tairi ikapasuka karibu na Mwarongo. Nikafungua buti, nikanyanyua kapeti, nikanyanyua ule ubao, nikamwomba kijana mmoja animulikie simu nitoe tairi la akiba. Tairi limekaa kwenye maji. Meusi, mazito, yanavutika, na funza weupe wanatembea kwenye rimu. Kipande cha mkono wa pweza kimenasa pembeni, vikombe vyake bado vinaonekana kimoja kimoja. Yule kijana alitupa simu akatapika. Lakini mama wa bwana harusi akaja akachungulia, akasema kwa sauti: "Kumbe pweza! Na watu wanasema maiti!" Huyo mama ndiye aliyenisafisha jina. Alifika mjini akahadithia harusi nzima.

Kwenye shimo la tairi la akiba kuna kizibo cha mpira chini. Nilikitoa, maji yakashuka, nikasuuza kwa sabuni, nikapiga ndimu nyingi. Siku ya tatu gari lilikuwa linanuka gari.

Ally Kwaminchi
Subhanallah. Pole sana kaka.

Kijana wa Duga
Na mteja alilipa?

Dereva wa Pangani
Alisema pweza ni riziki, haina kosa.

Chande Makorora
Alipaswa kulipa siku zote ulizokosa abiria. Kumnyima mtu riziki yake halafu unamtajia riziki!

Boda wa Barabara ya 21
Pweza apandishwe boda, upepo unaondoa kila kitu.

Boda mwenzio Mikanjuni
Usitusemee wote. Koti langu abiria anaegemea. Pweza abebwe kwenye ndoo yenye kifuniko, awe kwenye gari, boda au punda.

Msambaa wa Mlalo
Hakuna aliyejaribu kahawa?

Mzee wa Raskazone
Nunueni baiskeli. Tanga hii tumezaliwa nayo, haina kapeti na haina buti.

Mama Zu wa Sahare
Mzee wangu shikamoo, mtoto yuko shule mbali. Jamani turudi kwenye maziwa.

Nesi Ngamiani
Langu ni AC. Nikiwasha inatoka harufu ya soksi mbichi, dakika mbili tatu halafu inapungua. Hasa masika.

Fundi Viti Mabawa
Hiyo ni koga kwenye evapureta, kile kifaa kinachopoza hewa ya AC nyuma ya dashibodi. Vitu vitatu. Badilisha filta ya kabini, kwa Toyota nyingi ipo nyuma ya kabati la dashibodi, unalifungua kwa mkono. Ukiikuta nyeusi na majani makavu usishangae. Angalia bomba la kutolea maji ya AC: ukiendesha siku ya joto halafu husikii tone chini ya gari, limeziba, na maji yanarudi kwenye kapeti la abiria wa mbele. La tatu ni mazoea: ukikaribia kufika zima AC, acha feni iendelee dakika chache ikaushe kule ndani.

Nesi Ngamiani
Kapeti la mbele kushoto kweli lina maji! Nikadhani ni mvua.

Bi Mkubwa Chumbageni
Na sigara je? Mwanangu ameagiza gari Japani, zuri, lakini linanuka sigara hadi kwenye mikanda.

Fundi Viti Mabawa
Mama, sigara inakaa darini. Chukua kitambaa cheupe chenye maji na sabuni kidogo, futa dari taratibu bila kulowesha maana gundi itaachia kitambaa kitashuka. Utaona kitambaa kinageuka njano. Mikanda ivutwe yote mpaka mwisho ioshwe. Na filta ya kabini lazima.

Mpya Hapa Maweni
Samahani kuingilia. Mimi gari langu tangu asubuhi linanuka petroli ndani, nyuma zaidi. Niweke ndimu au soda?

Mwalimu Korogwe
Usiweke chochote. Zima gari.

Fundi Viti Mabawa
Zima, lisukumeni mbali na jiko na sigara, fungua milango, usiliwashe tena hata kulisogeza. Petroli inavuja mahali. Inaweza kuwa mpira wa kujazia mafuta, au kizibo cha pampu chini ya siti ya nyuma. Hapo hatusafishi, hapo tunatafuta tundu. Mwite fundi mafuta alifuate gari lilipo, wewe usilipeleke. Uko wapi sasa?

Mpya Hapa Maweni
Nimelisukuma na vijana hadi chini ya mwembe, milango iko wazi. Fundi anakuja na boda.