Naomba ushauri: Mwaka Kogwa kwa watoto wa Thailand

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mtu wa Makunduchi, Zanzibar, nasomesha Kiingereza skuli moja ya msingi Chiang Mai. Julai hii nimepewa dakika 40 niwaelezee darasa la tatu sikukuu ya kwetu, na mdomo ukaniponza, nikataja Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya.

Kile kibanda cha makuti tunachokichoma siku hiyo hakichomwi humu skuli, hilo najua. Kinachonitatiza ni kupigana kwa migomba. Jana niliwaonesha picha moja tu, kitoto cha mbele kikakunja daftari, kikamtandika mwenziwe mgongoni, kikaniuliza, "Hivi, mwalimu?" Nilicheka, kumbe mwalimu mkuu yuko mlangoni. Nitawaelezaje kuwa watu wanapigana ili kinyongo cha mwaka kiishe, wasende kwao kusema Wazanzibari wagomvi?

Wenyewe wana Songkran mwezi wa Aprili, wanamwagiana maji kuingia mwaka mpya. Nianzie hapo? Au niache migomba, nishike nyimbo za kina mama na ile desturi kwamba siku hiyo kila nyumba ipate mgeni?

Mliosomesha ugenini mlifanyaje? Kanga ninazo mbili tu.