Wikiendi moja Kigoma: Ujiji, Gombe, au stesheni na Liemba?

MwanaTabora
Habari za jioni ndugu zangu. Naingia Kigoma Ijumaa usiku, naondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo nina siku mbili kamili. Nakuja na mama mzazi, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua, pamoja na mwanangu wa miaka 9 ambaye anataka kuona mahali wapelelezi wa kizungu Stanley na Livingstone walipokutana, kule Ujiji. Usafiri binafsi sina. Nashindwa kuchagua kati ya Gombe kwenye hifadhi ya sokwe, Ujiji, na kubaki mjini kuona stesheni ya reli na meli ya zamani ya Liemba. Waliofika naomba mnilinganishie: wapi panataka siku nzima, na wapi saa mbili zinatosha?

Mgebuka
Karibu sana Kigoma. Ungekuwa peke yako ningekwambia Gombe moja kwa moja. Kwa msafara huo, hapana. Gombe haina barabara, unafika kwa maji tu. Boti za abiria kutoka mwalo wa Kibirizi zinatumia kama saa tatu, zimejaa watu, magunia na madumu, na kupata ya kukurudisha siku hiyohiyo ni bahati. Boti ya kukodi ni kama saa moja, lakini mafuta unalipa wewe. Ukishashuka, kuna kupanda milima kuwafuata sokwe waliko. Mama hawezi, na mtoto wa miaka 9 hataruhusiwa kwenda kwa sokwe, umri bado.

Mtembezi_Kasulu
Mgebuka yuko sahihi kuhusu mama na mtoto, ila mimi naona MwanaTabora awaache mjini Jumapili aende mwenyewe. Hifadhi ni kilomita za mraba 52 tu, na hapo ndipo mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Julai 1960 na kumwona sokwe akitumia ujiti kuvua mchwa. Nami nililiona hilo kwa macho yangu. Jike alivunja ujiti, akaupitisha midomoni kuondoa majani, akauchomeka kwenye tundu la kichuguu, akatulia. Alipouchomoa ulikuwa umejaa mchwa, akaupitisha mdomoni taratibu. Mtoto wake pembeni anamwiga kwa ujiti mfupi mno, hapati kitu, anajaribu tena. Nilisahau hata kupiga picha. Ukienda, usiende na mafua. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu na hutaruhusiwa kuwakaribia.

BintiUjiji
Mtembezi, mtu amekuja na mama yake halafu amwache gesti siku nzima? Kwa safari hii jibu ni Ujiji, na mimi nimezaliwa hapa. Daladala za Ujiji kutoka mjini ni nyingi, njia ni fupi, na eneo la makumbusho mama atatembea bila taabu.

Utakuta mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba, miembe, na ndani sanamu za Stanley na Livingstone wakivuliana kofia. Mwambie mtoto mapema kwamba mwembe waliokutania chini yake mwaka 1871 ulikufa zamani. Iliyopo ni vizazi vyake. Mwonyeshe pia ziwa lilivyorudi nyuma, maana leo ufuko uko mbali na pale.

Ila msiishie kwa hao wawili. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenu, na watu waliouzwa kama mali walipitishwa hapa wakiwa wamefungwa. Mama akae kivulini, mtoto asimuliwe habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyemkimbilia Stanley kumlaki, na Livingstone alipofariki mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia mpaka Bagamoyo. Mwanangu nilipomweleza hilo aliniuliza, "Mama, hawakuchoka?"

Mzee_wa_Garimoshi
Nimesoma yote, lakini stesheni mnaipita haraka. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, na jengo la Wajerumani bado limesimama na matao yake. Saa moja inatosha, asubuhi kabla ya jua kali.

Liemba ndiyo hadithi ya kumpa mtoto. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja makasha kwa makasha kwa meli na treni, ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza walizipaka injini grisi ili zisioze. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilisimama miaka kadhaa ikisubiri ukarabati, kwa hiyo ulizeni bandarini ilipo sasa kabla ya kumwahidi mtoto. Na ombeni ruhusa kwanza. Mimi niliwahi kutoa simu kupiga picha, nikakalishwa saa nzima najieleza.

Mgebuka
Ongezeni usiku. Kama mwezi haujatoka, wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa, na ukikaa mahali pa juu unaona mstari wa mianga kama kuna mji mwingine majini. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, kwa hiyo angalia kalenda. Asubuhi yake fikeni Kibirizi muone dagaa wakianikwa.

MwanaTabora
Asanteni sana, nimeelewa. Jumamosi asubuhi stesheni na bandari, jioni taa za dagaa. Jumapili Kibirizi mapema, kisha Ujiji bila haraka. Gombe nitarudi peke yangu kiangazi. Swali la mwisho: mama anataka samaki mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, tule mjini au Ujiji?

BintiUjiji
Ujiji, kwa mama lishe. Ila agizeni mkifika tu, kabla ya kwenda makumbusho, mkitoka mnakuta umeiva. Na mwombe akupunguzie pilipili ya mtoto.