Masomo ya nyumbani: sheria ya Kenya ilegezwe au ibaki ilivyo?

Wazazi wenzangu na walimu, hebu tulijadili hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 30, inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Akipuuza bila sababu ya maana, ana kosa. Mimi nasema kifungu hicho kipanuliwe: mtoto aweze kusomea nyumbani siku tatu na shuleni siku mbili, jina lake likiwa kwenye rejista ya shule ya jirani.

Nilianza kuwaza hivyo 2020. Shule zilifungwa Machi, na watoto wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Binti yangu alikuwa Gredi 3. Asubuhi tulisikiliza vipindi vya masomo redioni, mchana akanisaidia kibandani kupima mahindi. Hesabu za sehemu, zilizokuwa zikimliza darasani, alizielewa gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) ikiwa mkononi: nzima, nusu, robo. Alimwaga robo mbili, akachungulia, akapiga kelele, "Mama, kumbe ni hii tu!" Darasani walikuwa zaidi ya sabini. Mwalimu wake angempata saa ngapi? Simlaumu hata kidogo.

Lakini masomo ya nyumbani pekee, bila shule, siungi mkono. Kwanza kuna KNEC, baraza la mitihani la Kenya: alama za kazi za Gredi 4 na 5 hutumwa na shule, kwa hivyo mtoto asiye na shule hawezi tu kujitokeza siku ya mtihani wa Gredi 6. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kuona mtoto ana alama za kichapo au amelala njaa. Mtoto anayefungiwa nyumbani ataonwa na nani?

Wanaosifu masomo ya mtandaoni nao wakumbuke bando. Kwetu simu ilikuwa moja, watoto watatu. Tulichoweza ni redio, vitabu vya kuazima na kazi ya mikono, na vilitosha kwa sababu nilikuwepo. Mama anayetoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu hana nafasi hiyo, na asilazimishwe.

Ukaguzi naona ufanywe na afisa wa elimu wa kaunti ndogo, kila muhula, madaftari mezani. Unayepinga, niambie: mtoto wa namna hii anakosa nini ambacho siku mbili za shule haziwezi kumpa?