Mjapani akiitikia "hai" kikaoni, amekubali au amesikia tu?

Swali
Wakuu, naomba msaada kwa wanaowajua wanunuzi wa Kijapani. Ofa ya kahawa imewasilishwa, kikaoni wameitikia "hai, hai" kila hoja, mwisho wakasema "kento shimasu". Wiki ya tatu sasa kimya. Tupunguze bei, au tumwandikie bosi wao?

Jibu 1
Bosi msimwandikie kabisa. "Hai" hapo ni ile "eehe" ya mtu anayefuatilia maneno yako. "Kento shimasu" maana yake watalitafakari; ikija bila tarehe wala swali, mara nyingi ni kukataa kwa adabu. Wakiuliza vipimo na ratiba, jambo bado linatembea.

Uamuzi kule huanzia chini. Afisa wa kawaida huandika ringisho, waraka wa kuomba idhini, ukapita dawati kwa dawati ukigongwa muhuri (siku hizi wengi hutumia kompyuta) hadi kwa mkurugenzi. Mkimrukia bosi, barua itarudi kwa afisa yule yule, naye ameshafedheheka. Huyo ndiye mtetezi wenu pekee humo ndani!

Jibu 2
Kabla ya ringisho kuna nemawashi. Ni neno la watunza bustani: mti mkubwa ukitaka kuhamishwa, mizizi huchimbwa na kukatwa mapema ili usife ukifika shimo jipya. Ofisini ni kumwona kila mhusika peke yake kabla ya kikao, kwa hiyo kikaoni watu huja kuthibitisha tu.

Mpeni afisa huyo karatasi moja anayoweza kuzunguka nayo kwa watu wa ununuzi, ubora na fedha: kiwango cha unyevu, tarehe ya meli, nini kitafanyika mzigo ukichelewa, na majibu ya maabara kuhusu mabaki ya viuatilifu. Hilo la mwisho huangusha wengi. Tangu 2006, dawa isiyowekewa kikomo maalumu Japani hupimwa kwa kikomo cha 0.01 ppm (miligramu 0.01 kwa kila kilo). Msiulize "mmekubali?", maana mnamlazimisha kutamka hapana. Ulizeni, "Kuna idara inayohitaji maelezo zaidi?"

Muulizaji
Asanteni sana. Na punguzo la bei?

Jibu 3
Punguzo la katikati lina hatari yake: tarakimu ikibadilika, waraka unaweza kurudi dawati la kwanza. Subirini waombe.

Tafiti za Geert Hofstede, Mholanzi aliyelinganisha tamaduni za kazi, zilizoanzia kwa wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973, ziliipa Japani, kwenye kipimo cha takriban 0 hadi 100, alama 92 kwa kukwepa mashaka (kutopenda mambo yasiyo na uhakika), lakini 54 tu kwa umbali wa madaraka (kukubali pengo kati ya mkubwa na mdogo). Kinachowachelewesha ni kutaka kila shaka ijibiwe, kuliko kumwogopa mkubwa. Ila huo ni wastani wa taifa, mkuu. Kampuni changa ya Tokyo yenye watu kumi inaweza kuwajibu kesho yake, kwa hiyo ulizeni mapema waraka wao unapita kwa wangapi.